Mbwa mwenye nguvu nyingi, mguu mmoja mbovu na wiki nane za kukaa ndani

Siku ya tano baada ya upasuaji ndiyo huwa ngumu. Siku mbili za kwanza dawa ya usingizi bado haijamtoka mwilini. Analala, anaamka kunywa maji, analala tena, nawe unajipa moyo kwamba mambo yatakwenda. Siku ya tano anaamka akiwa yule yule wa zamani. Paja limenyolewa manyoya, nyuzi zinaonekana, mguu haukanyagi sawasawa, na bado anakuja na mpira mdomoni, anauweka juu ya goti lako, anarudi nyuma hatua mbili na kukukazia macho.

Nimeyaona macho hayo, na najua yanavyomvunja mtu. Daktari wa mifugo amesema wiki nane bila kukimbia, bila kuruka, bila ngazi. Hakusema wiki nane hizo zitajazwa na nini. Ndiyo maana wengi hushindwa, na si kwa sababu hawampendi mbwa wao: wanampenda mno kiasi cha kushindwa kumwona akilia ndani ya kizimba, kwa hiyo wanamfungulia "kidogo tu". Kile kidogo ndicho kinachomrudisha kwenye meza ya upasuaji.

Kwa hiyo tuanze na kilichokatazwa hasa, maana hapo ndipo mambo huchanganyika.

Amri ilitolewa kwa mguu

Mfupa uliovunjika haujiungi kwa siku moja wala kwa mwendo mmoja. Kwanza damu huganda mahali pa jeraha na pakavimba. Kisha mwili hujaza pengo kwa tishu laini na gegedu, ambayo polepole hugeuka kuwa mfupa, na mfupa huo mpya huendelea kujitengeneza kwa miezi. Kwa mbwa mzima kazi hiyo huchukua kwa kawaida wiki 8 hadi 12 kabla mfupa haujaweza kubeba maisha yake ya kawaida. Kwa mtoto wa mbwa ni haraka zaidi. Ngozi ya juu hufunga mapema, ndani ya siku 10 hadi 14, nyuzi zikatolewa. Hapo ndipo macho hutudanganya: kidonda kimefunga, manyoya yanaota, kumbe ndani kazi haijafika hata nusu.

Sahani za chuma na skrubu anazofunga daktari haziponyeshi chochote. Kazi yake ni kushikilia tu wakati mfupa unajijenga. Chuma kinachopindwa kidogo kidogo mara maelfu huchoka, na skrubu inayotikiswa hulegea. Ni mashindano kati ya mfupa na chuma, na kila mruko kutoka kwenye kochi unakisaidia chuma kushindwa kabla mfupa haujawa tayari.

Mbwa mwenyewe hajui lolote kati ya haya. Maumivu humtoka mapema kuliko udhaifu, tena dawa za maumivu huyapunguza zaidi. Anapojisikia vizuri anaamini amepona.

Sasa angalia vizuri ni nini kinachodhuru. Ni nguvu za ghafla: kuruka, kugeuka kwa kasi, kuteleza kwenye sakafu ya vigae, kuvuta kamba, kupanda na kushuka ngazi, kuvutana kamba ya mchezo, kukimbilia mlango mgeni anapobisha hodi. Katika orodha hiyo hamna kunusa, kulamba, kutafuna, kusikiliza wala kujifunza neno jipya. Amri ya kupumzika ilitolewa kwa mguu. Pua haikuhusika, na ubongo haukuhusika.

Kuna majeraha ambayo hubadilisha hesabu hii, lazima niyataje mapema. Mbwa mwenye tatizo la diski za shingo hatakiwi kutikisa kichwa, kwa hiyo hata mchezo wa kufukua taulo haumfai, na kamba yake ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Aliyeumia taya hatatafuna. Aliyeumia mguu wa mbele ataegemea vibaya akiinamia bakuli lililo chini. Kabla ya kuanza mchezo wowote utakaousoma hapa, muulize daktari swali moja jepesi: ni mwendo upi hasa hutaki aufanye? Jibu lake lina thamani kuliko "apumzike".

Nguvu zake si mafuta ya tangi

Wengi wetu huwaza nguvu za mbwa kama mafuta ndani ya tangi: akikimbia yanaisha, asipokimbia yanafurika. Kwa mawazo hayo, mbwa aliyefungiwa wiki nane hana njia isipokuwa kulipuka. Lakini mtazame mbwa anayekimbiza mpira. Kukimbia ni sehemu tu ya kinachomfurahisha. Kuna kusubiri, kukisia utarushwa wapi, kutafuta, kupata, kuleta. Mwanasayansi wa ubongo Jaak Panksepp alitumia miaka mingi kuchunguza mfumo wa ubongo wa wanyama aliouita mfumo wa kutafuta, ambao dopamini, kemikali ya ubongo, ina sehemu kubwa ndani yake. Mfumo huo huwaka zaidi wakati mnyama anafuatilia jambo kuliko wakati ameshalipata. Mwaka 1963 Glen Jensen alionyesha kitu kinachokaribiana na hicho kwa panya wa maabara: wakiwa na chakula cha bure pembeni yao, wengi bado walibonyeza kitufe ili wakipate kwa kazi.

Kwa hiyo mbwa wako hana kiu ya kilomita. Ana kiu ya shughuli, na kwa miaka miwili au mitatu shughuli zote alizozijua zilipitia miguuni. Jukumu lako katika wiki hizi ni kumfungulia njia nyingine.

Pua ndiyo njia pana kuliko zote. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi. Mbwa wa nyumbani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kutafuta kwa kunusa kwa wiki mbili. Jingine lilifanya mazoezi ya kutembea ubavuni mwa mwenye mbwa. Kabla na baada ya wiki hizo walipimwa hivi: walizoeshwa kwamba bakuli likiwa upande huu lina chakula, likiwa upande ule halina kitu, kisha likawekwa katikati. Mbwa anayetarajia mema hulikimbilia. Anayekata tamaa husitasita. Wale walionusa walianza kulifuata bakuli la katikati kwa haraka zaidi. Wale wa kutembea ubavuni hawakubadilika. Makundi yote mawili yalitembea na kupewa zawadi, lakini walioachiwa pua zao wakatafute wenyewe ndio waliobadilika moyoni.

Kwa mbwa aliyefungiwa ndani, hilo ni jambo kubwa. Tunachokiogopa zaidi ni ile hali ya kukata tamaa, mbwa anayelala ameelekea ukutani na hageuki ukimwita, na hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Mchezo wa kwanza niufafanue kwa kirefu kwa sababu ndio uliotuokoa nyumbani. Chukua taulo la zamani, litandaze sakafuni juu ya zulia lisiloteleza. Mwaga konzi moja ya chakula chake kikavu, ile ile aliyokuwa ale asubuhi. Likunje mara moja tu, tena kwa ulegevu, umwache atumie pua kulifunua akiwa amelala kifudifudi. Wewe kaa chini naye na ubane ncha moja ya taulo kwa goti, la sivyo atalibeba mdomoni na kulitikisa kama aliyekamata panya, na mtikiso huo hufika mpaka nyongani. Akishaelewa, likunje kama mkeka. Siku nyingine likunje kama mkeka halafu lifunge fundo moja jepesi. Mara ya kwanza mbwa wangu alimaliza kwa sekunde arobaini, akanitazama kama anayeuliza basi ndiyo hivyo. Baada ya wiki moja taulo hilo hilo lilimchukua dakika kumi na mbili, na nilikuwa nasikia pumzi zake, fff-fff-fff, zikigonga kitambaa. Alipomaliza hakuja na mpira. Alilaza shavu juu ya taulo lililolowa mate akafumba macho.

Taulo likizoeleka, kuna boksi fupi lililojaa karatasi zilizokunjwakunjwa, kuna trei ya mayai iliyofunikwa kitambaa, kuna vikombe vitatu vilivyopinduliwa chakula kikiwa chini ya kimoja. Kama bado haruhusiwi hata kusimama kwa muda, ngumi zako mbili zinatosha: ficha punje katika moja, mnyooshee zote, msubiri anuse na achague. Boksi liwe fupi kiasi kwamba hatalazimika kuinua mguu kuingia, na karatasi au plastiki usizitumie kabisa kwa mbwa anayemeza kila kitu.

Tena mletee dunia ndani. Yeye alizoea kila siku kusoma habari za mtaa mzima kwa pua, na ghafla amenyimwa. Kitambaa ulichompangusia mbwa wa rafiki yako, fimbo uliyoiokota njiani, soksi zako za leo, vyote ni habari kwake. Vipitishe mbele yake kimoja kimoja, mpe muda, kisha viondoe. Kidonda kikiwa bado kibichi, vitu vya nje vinuswe tu, visifike karibu nacho. Na kama uzito wake unakuruhusu, mbebe mkakae naye nje dakika kumi bila kutembea. Utaona pua inavyoinuka kuupokea upepo.

Ulimi, meno na maneno

Kulamba na kutafuna huwatuliza mbwa wengi. Mpira mgumu wenye tundu, ujaze chakula chake kilicholoweshwa na kupondwa, ugandishe kwenye friza. Unaweza kumshughulisha robo saa au zaidi. Ukitaka kupaka siagi ya karanga ndani, soma kwanza lebo yake mpaka mwisho, kwa sababu baadhi hutiwa zailitoli, sukari mbadala ambayo kiasi kidogo tu humshusha mbwa sukari ya damu kwa hatari na huweza kuharibu ini. Chokoleti, zabibu na vitunguu havimfai kwa namna yoyote. Mifupa iliyopikwa pia acha. Hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Chakula chote cha michezo kitoke ndani ya posho yake ya siku. Mbwa asiyekimbia huhitaji chakula pungufu, na kila kilo anayoongeza inabebwa na mguu ule ule unaojaribu kupona. Daktari akwambie kiasi gani cha kupunguza. Bakuli unaweza kulitoa kabisa: asubuhi taulo, mchana mpira wa kulamba, jioni masomo.

Masomo, ndiyo. Mwaka 2004 ulimwengu ulisoma juu ya Rico, mbwa wa jamii ya border collie nchini Ujerumani aliyejua majina ya vitu takribani 200. Mwaka 2011 akafuata Chaser, wa jamii hiyo hiyo, ambaye John Pilley wa Marekani alimfundisha majina ya vitu 1,022. Wako hatafika huko, wala hakuna haja. Majina mawili au matatu yanatosha kujaza wiki. Weka mwanasesere mmoja mbele ya pua yake, utaje jina, akimgusa mpe punje. Rudia mpaka iwe rahisi. Ongeza kitu cha pili ambacho hakina jina, utaje lile la kwanza. Hapo ndipo utaona mbwa anafikiri: masikio yanasogea, macho yanahama kutoka hiki kwenda kile, mkia umesimama. Dakika tatu hadi tano kwa somo moja. Zaidi ya hapo anaanza kubahatisha.

Somo ninalolipendekeza kuliko yote ni la kulaza kidevu. Fungua kiganja chini ya kidevu chake, akikigusa, zawadi. Akikaa sekunde moja, zawadi. Halafu sekunde mbili, tano, kumi. Baadaye mguse sikio akiwa ametulia hapo, halafu bega, halafu paja lile lililonyolewa. Yeye anaona ni mchezo wa kutotikisika. Wewe unajua kwamba siku ya kutoa nyuzi atalaza kidevu mkononi mwako badala ya kubanwa na watu wawili.

Hapa tahadhari moja ambayo wengi huikosa. Amri ya kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, inaonekana ni mchezo wa kichwa tu, kumbe kwa mbwa aliyeumia goti au nyonga ni mazoezi mazito. Vivyo hivyo kumwambia atoe mkono: akiuinua mmoja, uzito wote unahamia mwingine. Chagua mambo anayoweza kuyafanya akiwa amelala.

Kuchoka si ndiyo shabaha

Nilifanya kosa hili mwenyewe katika wiki ya pili. Nilifurahi kuona michezo inafanya kazi, nikaongeza. Mchezo asubuhi, saa nne, saa sita, saa nane, jioni. Siku ya tatu mbwa alikuwa mbaya kuliko alivyoanza: nikisimama tu anaruka kizimbani, nikigusa taulo anabweka. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kila saa kuna jambo linakuja. Mbwa mzima mwenye afya hulala karibu saa 12 hadi 14 kwa siku, na anayepona huhitaji usingizi zaidi. Michezo miwili au mitatu kwa siku, saa zile zile kila siku, inatosha kwa wengi. Mmoja uwekwe muda mfupi kabla ya saa ambayo kwa kawaida anachachamaa, mara nyingi jioni, na kila mchezo uishie na kitu cha kulamba, ili mwili wake ushuke polepole badala ya kukatwa ghafla.

Mahali pake pawe penye utulivu lakini si pa kutengwa. Kizimba kinachomwezesha kusimama, kujigeuza na kulala amejinyoosha, kikiwa pembeni ya chumba ambacho watu wanakaa, hupunguza kilio kuliko dawa yoyote ya dukani niliyowahi kuona. Dirisha linaloelekea barabarani ni jema kwa mbwa mmoja na adhabu kwa mwingine. Akibwekea kila mpita njia, weka pazia. Muziki husaidia pia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na shirika la kutetea wanyama la Scotland waliwachezea mbwa wa kwenye mabanda aina tano za muziki, na dalili za utulivu zilijitokeza zaidi kwa roki laini na rege. Badilisha aina mara kwa mara, maana mbwa huzoea.

Jambo gumu kuliko yote ni kutofautisha. Mbwa anayelia kizimbani anaweza kuwa amechoshwa na upweke, anaweza kuwa amebanwa na haja, na anaweza kuwa anaumwa. Aliyechoshwa hunyamaza ukimpa shughuli na hula kwa hamu. Anayeumwa huhema ingawa hakuna joto, hutetemeka, hubadilisha ulalaji kila dakika, hulamba mahali pamoja bila kuacha, au hugeuza kichwa chakula kinapoletwa. Mguu ulioanza kukanyaga ukiacha kukanyaga, kidonda kikitoa majimaji au harufu, vidole chini ya bendeji vikivimba au kuwa baridi, usisubiri kesho, mpigie daktari. Na usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Ibuprofeni na parasetamoli zimeua mbwa ambao mfupa wao ulikuwa unaendelea vizuri.

Kuna mbwa ambao haya yote hayawatoshi. Wanajirusha kizimbani mpaka wanajeruhi meno. Kwao daktari anaweza kuandika dawa za kupunguza wasiwasi, kama trazodoni au gabapentini, kwa kipindi cha kupona. Sioni aibu yoyote hapo. Nimeona watu wakikataa kwa kuhofia "kumlewesha" mbwa, kisha wakalipia upasuaji wa pili. Dawa inayomwezesha kutulia humwezesha pia kunusa, kujifunza na kulala.

Jiandae zaidi kwa wiki ya sita. Atakuwa anatembea vizuri, manyoya yameota, kila mgeni atasema "mbona amepona". Picha ya eksirei ndiyo inayoamua. Daktari akiruhusu matembezi, mara nyingi huanza na dakika tano tu, kwa kamba fupi, polepole sana. Upole huo una sababu: mbwa akienda mbio huweza kuruka kwa miguu mitatu na kuuacha ule mbovu ukining'inia, lakini akienda taratibu hana budi kuukanyaga kila hatua.

Matembezi yetu ya kwanza ya dakika tano hayakuvuka lango la jirani. Kulikuwa na jiwe pale ukutani, na miezi miwili ya habari ilikuwa imelundikana juu yake. Alilinusa juu, akalinusa ubavuni, akapenyeza pua chini yake, mguu wake mbovu umekanyaga ardhi sawasawa muda wote huo. Saa ilipofika nilimwita, akaja.